Mionzi, Leza na Hofu Inayokosea Mlango

Swali ninaloulizwa zaidi kazini linatoka kwa akina mama na mabibi, na huulizwa kwa sauti ya chini, mtu akiwa anafunga vifungo vya nguo: "Mwanangu, mjukuu wangu nimshike baada ya siku ngapi?" Amepigwa eksirei ya kifua, basi. Namjibu, "Hata sasa hivi, mama. Hujabeba kitu." Wengine wanaridhika. Wengine wananitazama kwa jicho la kusema huyu naye kaambiwa asiseme ukweli.

Na saa hiyohiyo, chumba cha pili, daktari bingwa aliyesoma mpaka vitabu vikamkimbia amesimama nusu mita kutoka kwa mgonjwa, mguu uko kwenye pedali ya kuwashia mionzi, picha za fluoroskopia, yaani eksirei inayotembea kama video, zinatiririka huku yeye akizungumza na msaidizi wake wala haangalii skrini. Beji yake ya kupimia mionzi iko kwenye droo ya ofisini. Hana wasiwasi hata chembe.

Hofu ipo, tena kubwa, ila inabisha hodi mlango usio wake. Nilianzia kwenye chumba cha eksirei, baadaye nikapelekwa kwenye vyumba vya upasuaji ambako leza nazo zipo, na kadiri ninavyokaa naona chanzo cha mkanganyiko ni kimoja: tumetia vitu vitatu tofauti kwenye kapu moja. Kuna mashine inayotoa mionzi pale tu inapowashwa. Kuna dawa au chanzo kinachotoa mionzi usiku na mchana, kisicho na swichi. Na kuna leza, ambayo ni mwanga. Kila kimoja kina namna yake ya kuumiza na kinga yake, na kinga ya kimoja mara nyingi haina kazi mbele ya kingine. Kinachovifananisha ni kwamba vyote vinaweza kukudhuru bila wewe kuhisi chochote wakati ule.

Tuanze na cha kwanza. Mashine ya eksirei ni kama taa: ukizima swichi, hakuna mwanga unaobaki umejificha ukutani. Mionzi huzaliwa pale umeme wa nguvu kubwa unaporusha elektroni zikagonge chuma ndani ya tyubu. Umeme ukikatika, elektroni zimesimama na mionzi imekwisha. Kitanda hakibaki na kitu, shuka hazibaki na kitu, mgonjwa habaki na kitu. Kilichoweza kutokea kimetokea katika kile kisehemu cha sekunde picha ilipopigwa.

Na kwa eksirei ya kifua, kiasi chenyewe ni kidogo: takriban milisiverti 0.1 (milisiverti ni kipimo cha dozi ya mionzi), na mashine nzuri za sasa hushuka hadi 0.02. Binadamu hupata kwa wastani wa dunia milisiverti 2.4 kila mwaka kutoka kwenye udongo, miamba, hewa, chakula na anga, hata kama hajawahi kukanyaga hospitali. Kwa hiyo picha ile ya kifua ni sawa na siku chache hadi wiki mbili za kuishi tu duniani. Huyo bibi anapomwogopea mjukuu wake, anaogopa kitu ambacho hakipo.

CT ya tumbo, ile eksirei inayokuzunguka na kompyuta ikaunda picha za vipande vya mwili, ni habari nyingine. Hapo tunazungumzia milisiverti 8 hadi 10, yaani miaka mitatu minne ya ile mionzi ya asili, kwa dakika chache za kulala kitandani. Mtu aliyepata ajali na anavuja damu ndani, hiyo si hesabu ya kukaa kuijadili, aingizwe haraka. Lakini kijana anayerudiwa CT ileile kwa sababu picha za hospitali ya kwanza hakupewa, au kwa sababu daktari mpya hakuuliza kama zipo, huyo amelipishwa mara mbili kwa bidhaa moja. Kanuni ya kwanza ya kinga ya mionzi haihusu madini ya risasi wala kuta nene. Inahusu swali la mtu anayejaza fomu: picha hii ikionyesha kitu, nitabadilisha matibabu? Isipoonyesha, je? Kama majibu yote mawili yanampeleka palepale, picha haina kazi. Nimepokea fomu zilizoandikwa neno moja tu, "tumbo", nikapiga simu kumuuliza daktari anatafuta nini, na mara nyingine jibu linatosha kuonyesha kwamba altrasaundi ingemaliza kazi. Altrasaundi haina mionzi ya aina hii kabisa. MRI vilevile, hatari za MRI ni za sumaku na vyuma, mada inayojitegemea.

Watu wengi, hata wahudumu, hushangaa kusikia kwamba mgonjwa hana kikomo cha dozi. Mfanyakazi anacho: milisiverti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na usizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Mtu wa kawaida anayepita nje ya chumba anacho: 1 kwa mwaka. Mgonjwa hana, kwa sababu ukimwekea kikomo unaweza kumnyima picha ambayo ingemwokoa. Kinachomlinda ni akili ya aliyeomba picha na ustadi wa anayeipiga: kubana uwanja wa mionzi uishie kwenye eneo linalotakiwa, kupanga nguvu ya mashine kwa mwili uliopo mbele yako, kutompiga mtoto wa miaka miwili kwa mipangilio ya mtu mzima. Watoto ndio wa kuwatazama kwa makini zaidi, kwa sababu seli zao bado zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele ya madhara kujitokeza.

Hapo naomba nichokoze jambo moja ambalo limewaudhi wagonjwa wangu kadhaa. Zamani tulikuwa tunaweka kipande cha risasi kufunika sehemu za uzazi kwenye karibu kila picha. Siku hizi kuacha ndiyo ushauri. Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilitoa tamko hilo mwaka 2019. Sababu ni za maana. Kile kipande kinaweza kuziba sehemu inayotafutwa, picha ikarudiwa. Kikiangukia kwenye eneo la kihisio cha mashine, mashine hudhani mwili ni mnene na kuongeza mionzi yenyewe. Na madhara ya kurithiwa na watoto, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiogopwa, hayajaonekana kwa binadamu. Lakini nenda kamweleze hivyo baba anayemleta bintiye na ambaye miaka yote ameona wenziwe wakifunikwa. Ataona unambania. Mimi huwa namweleza, akisisitiza na kipande hakizibi kitu, namwekea. Sioni faida ya kushinda ubishi na kumpoteza mgonjwa.

Ujauzito ni pale hofu inapoweza kuua kabisa. Mwanamke amepigwa eksirei ya kifua, wiki mbili baadaye anagundua ni mjamzito, na kuna mtu, pengine mhudumu wa afya, anamshauri aitoe mimba. Dozi inayomfikia mtoto tumboni katika picha ya kifua ni chini ya miligrei 0.01 (grei hupima nishati ya mionzi inayofyonzwa na mwili). Ushauri wa kimataifa unasema dozi iliyo chini ya miligrei 100 kwa mtoto si sababu ya kutoa mimba, na vipimo vya kawaida karibu vyote viko chini sana ya hapo. Tunauliza kuhusu hedhi ya mwisho kabla ya picha za tumbo na nyonga, na tuendelee kuuliza, kwa faragha, bila mume wala mama mkwe kusimama pembeni. Ila mjamzito anayeshukiwa kuwa na bonge la damu kwenye mapafu asinyimwe kipimo kwa woga wetu. Bonge litamuua yeye na mtoto.

Sasa turudi kwa daktari wetu wa pedali, maana huko ndiko hofu ilipaswa kwenda.

Wa kwanza kuumizwa na eksirei walikuwa walewale walioishika. Mwanafizikia Mjerumani, Röntgen, aliigundua Novemba 1895, na ndani ya miezi michache watu walikuwa wanaijaribu kwa mikono yao wenyewe. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alipima tyubu kwa kuweka mkono wake mbele yake. Mkono ukiuma alibadilisha, akaweka mwingine. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafariki akiwa bado hajafikisha miaka arobaini. Edison aliachana na kazi hiyo. Huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1936, pembeni ya hospitali moja, lilisimikwa jiwe la kumbukumbu lenye majina 169 ya madaktari, wauguzi, wanafizikia na mafundi wa nchi mbalimbali waliouawa na mionzi ya kazi yao, na mengine mengi yakaongezwa baadaye. Wale hawakuwa wazembe. Hawakuhisi kitu, na ngozi ilipoanza kuwasumbua, wakati ulikuwa umeshapita.

Mhudumu wa leo haumizwi na mwale wenyewe, isipokuwa ameingiza mkono ndani yake. Anaumizwa na mionzi inayogonga mwili wa mgonjwa na kutawanyika pande zote. Kwa makadirio ya haraka, ukisimama mita moja kutoka kwa mgonjwa, unachopata ni kama sehemu moja ya elfu ya kile kinachoingia kwenye ngozi yake. Ni kidogo, lakini mgonjwa anapigwa mara moja na wewe uko pale kila siku. Umbali ndio dawa ya bure: ukitoka mita moja ukaenda mita mbili, unabaki na robo, mita tatu, sehemu moja ya tisa. Hatua mbili nyuma unapobonyeza zina faida kuliko mapambo mengi ya kinga ninayoyaona yakinunuliwa.

Kuna mambo ya mahali ambayo hayafundishwi vya kutosha. Kwenye mashine yenye mkono uliopinda kama herufi C, tyubu ikae chini ya kitanda na kipokezi cha picha kiwe juu, karibu na mgonjwa kadiri inavyowezekana. Mtawanyiko mkubwa huwa upande mionzi inakoingilia mwilini, kwa hiyo ukiweka tyubu chini, sehemu kubwa inaelekea miguuni na sakafuni. Ukigeuza juu chini, umeuelekeza kwenye uso na macho yako. Picha ya ubavuni ikihitajika, simama upande wa kipokezi, usisimame upande wa tyubu. Na mguu uondoke kwenye pedali ukimaliza kuangalia. Mashine huiacha picha ya mwisho kwenye skrini, itazame hiyo hata kwa nusu saa, haina mionzi.

Macho ndiyo yaliyotushtua miaka ya karibuni. Kikomo cha dozi ya lenzi ya jicho kilikuwa milisiverti 150 kwa mwaka. Mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilikishusha hadi 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho anaweza kuanza kwa dozi ndogo sana kuliko tulivyodhani. Anayefanya kazi za moyo na mishipa kwa miaka bila miwani ya risasi na bila ile pazia ya kioo inayoning'inia juu ya kitanda anayachezea macho yake mwenyewe. Hapa nitasema bila kupaka sukari: kioo kile kinasukumwa kando kwa sababu "kinasumbua". Kila chumba nilichofanyia kazi kilikuwa nacho, na karibu kila chumba nilikikuta kimesukumwa kando.

Aproni nayo ina hadithi yake. Yenye unene sawa na nusu milimita ya risasi huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mtawanyiko, lakini si ile iliyokunjwa na kutupwa juu ya kiti. Ukiikunja inapasuka ndani, kitambaa cha nje kikabaki kizuri kabisa. Inatakiwa itundikwe kwenye kiango na kukaguliwa kwa kuipiga picha. Siku ya ukaguzi unaiweka kwenye mashine na kuona mistari ya nyufa inayokatiza palepale kiunoni, mahali ambapo kila mtu huikunjia. Ukimwonyesha mwenyewe ile picha, hatakunja tena. Hotuba haifanyi kazi hiyo.

Beji ya kwenye droo inapima droo. Inaudhi zaidi pale ripoti inapokuja safi na uongozi ukaitumia kusema hakuna tatizo.

Cha pili kwenye kapu letu ni vile visivyo na swichi. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya technetium, dawa inayotoa mionzi, kwa ajili ya skani ya mifupa, huyo kweli anatoa mionzi anapoondoka. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo kesho yake imebaki kidogo sana. Anayetibiwa tezi kwa iodini ya mionzi ni wa kutazamwa zaidi: hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8, na hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Huyu ndiye anayepaswa kuuliza lile swali la mjukuu, na jibu lake ni la siku kadhaa: alale peke yake, asimpakate mtoto wala kukaa karibu na mjamzito kwa muda atakaoelezwa, avute maji ya choo zaidi ya mara moja, na anayenyonyesha awe ameacha kabla ya dawa. Tatizo ni kwamba hawa ndio mara nyingi huondoka bila kuuliza chochote, kwa kuwa wamekunywa kidonge tu, na kidonge hakitishi.

Chanzo kisicho na swichi kikipotea, hapo ndipo pa kuogopa hasa. Goiânia, Brazil, kliniki ya tiba ya mionzi ilihama na kuacha mashine yake ya zamani ndani ya jengo. Septemba 1987 watu wawili waliibeba wakaiuza kwenye yadi ya vyuma chakavu. Ndani yake kulikuwa na unga wa cesium, kitu kinachotoa mionzi, uliokuwa unang'aa rangi ya buluu gizani, na watu wakaugawiana kwa ndugu na jirani, wengine wakajipaka. Wanne walifariki, watu 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya laki moja walipangwa foleni kupimwa. Hakuna mashine iliyoharibika pale. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye jukumu la kujua chanzo kiko wapi siku wanahama.

Na kwenye tiba yenyewe ya saratani, ambako dozi hupangwa kuua seli, makosa ya kuandika yana uzito ambao hauko kwengine. Mwaka 1996 huko San José, Costa Rica, chanzo kipya cha kobalti kilipimwa, na muda ulioandikwa dakika 0.3 ukachukuliwa kuwa sekunde 30. Dakika 0.3 ni sekunde 18. Hesabu ikaonyesha kwamba chanzo ni dhaifu kuliko kilivyo, muda wa kila mgonjwa ukarefushwa, na wagonjwa 115 wakapata dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu kabla ya jambo kugunduliwa. Mtu wa pili angepima upya kwa mkono wake, bila kutazama karatasi ya mwenzake, kosa lingekamatwa siku ileile.

Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyoendeshwa na kompyuta, huwafundisha hilohilo watengeneza programu. Kati ya 1985 na 1987, nchini Marekani na Kanada, mashine hiyo iliwapiga wagonjwa sita kwa dozi za kutisha, kwa sababu watengenezaji waliondoa vizuizi vya chuma na umeme vya mashine za awali na kuiachia programu kazi yote. Mwendeshaji mwenye vidole vyepesi aliyekosea kuandika aina ya mionzi na kurekebisha haraka aliiacha mashine katika hali isiyoeleweka. Skrini ilimwandikia hitilafu yenye namba 54, haikumweleza zaidi. Naye alikuwa amezoea kuona ujumbe wa namna hiyo siku nzima, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Ukiwa na mashine inayolia ovyo, watu wataacha kuisikiliza, na huwezi kuwalaumu.

Nimefika kwa leza, na hapa nataka nikae, kwa kuwa ndipo ninapoona watu wa eksirei wakijiamini kwa mambo yasiyofaa.

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960, na hazikupita hata miaka miwili kabla ya kuelekezwa kwenye jicho la mgonjwa kama tiba. Leo zinachoma retina ya mwenye kisukari, zinavunja mawe ya figo, zinakata uvimbe kwenye koo, zinafuta michoro ya ngozi. Mwanga wake hauvunji vinasaba kama eksirei, na hakuna dozi inayojikusanya mwilini mwako miaka na miaka. Hilo ndilo linalowadanganya watu kwamba ni kitu cha upole. Leza za upasuaji karibu zote ziko daraja la 4, la juu kabisa, lile linaloanzia nusu wati, ambalo hata mwanga uliodunda kwenye ukuta usiong'aa unaweza kudhuru.

Ukitoka kwenye eksirei unakuja na imani mbili: rudi nyuma, na vaa risasi. Zote mbili zinakuangusha. Mwale wa leza ulionyooka hautawanyiki kama mtawanyiko wa mgonjwa; upande wa pili wa chumba unaweza kuwa na nguvu karibu ileile. Na miwani ya risasi uliyoizoea haijatengenezwa kwa ajili hiyo hata kidogo.

Miwani ya leza huchaguliwa kwa urefu wa wimbi la mwanga, unaopimwa kwa nanomita. Leza ya kijani ya nanomita 532 ina miwani yake, ya rangi ya chungwa. Nd:YAG, leza nyingine ya upasuaji, ya nanomita 1064, ina yake. Ya kaboni dioksidi ya nanomita 10,600 ina yake, na inaweza kuwa nyeupe kabisa kama kioo cha kawaida. Ukivaa ya chungwa mbele ya 1064 unaweza kuwa umevaa pambo. Ubavuni mwa miwani pameandikwa urefu wa wimbi na namba ya kizuizi. Namba 5 maana yake inapitisha sehemu moja tu ya laki moja. Usiende kwa rangi. Soma maandishi, linganisha na yaliyo kwenye mashine, kila mara. Nimemwona muuguzi, dada mmoja makini, akimzuia daktari mkuu mlangoni: "Daktari, samahani, hiyo ni ya 532. Leo tuna YAG." Mzee akaitazama miwani, akacheka, akabadilisha. Sekunde kumi.

Jicho lenyewe ndilo tatizo. Kuanzia nanomita 400 hadi 1400, konea na lenzi huupitisha mwanga na kuukusanya kwenye nukta ndogo ya retina, nguvu ikizidishwa kama mara laki moja. Sehemu ya mawimbi hayo haionekani, na 1064 ni mojawapo: hakuna mng'ao wa kukufanya upepese. Retina haina maumivu. Waliopata ajali ya leza za mapigo wamesimulia kusikia mlio mdogo ndani ya jicho, na baadaye kuona doa katikati ya kila wanachokitazama. Doa hilo linaweza kubaki maisha yote. Kwa hiyo madirisha ya chumba hufunikwa, mlangoni huwekwa tangazo lenye aina ya leza, na miwani ya akiba huning'inizwa nje, pale anapoweza kuichukua mtu kabla ya kushika kitasa. Vifaa vinavyong'aa kama kioo haviletwi karibu na mwale. Na mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa hana wa kumsemea. Macho yake yafunikwe kabla ya leza kuwashwa.

Kuna pedali tena, na safari hii ni hatari zaidi. Chini ya meza ya upasuaji unaweza kukuta pedali tatu: ya leza, ya kifaa cha kuchomea kwa umeme, ya eksirei. Macho yako kwenye jeraha, mguu unapapasa. Sheria ninayoikubali bila mjadala ni pedali moja tu ya leza, chini ya mguu wa anayeitumia, na mwingine anasimama kwenye mashine kuirudisha kwenye hali ya kusubiri kila kishikio cha leza kinapowekwa chini, hata kama ni kwa dakika moja. Mwendeshaji huyo asipewe kazi nyingine. Hospitali zenye watu wachache humpa kazi tatu, na hapo ndipo ajali inapoingilia.

Moto ndio unaowashangaza wageni. Leza inakata kwa joto. Chumba kina oksijeni, shuka, spiriti iliyopakwa kwenye ngozi ambayo haijakauka. Upasuaji wa koo ni mbaya kuliko wote, kwa kuwa mrija wa kupumulia wa plastiki umepita karibu sana na mwale na ndani yake inapita oksijeni. Mrija ukiwaka, unageuka bomba la moto kwenye mapafu. Mtaalamu wa usingizi hushusha oksijeni hadi chini ya asilimia 30 kama mgonjwa anaweza kuvumilia, huepuka gesi ya nitrasi kwa sababu nayo hulisha moto, hutumia mrija uliotengenezwa kwa leza, na puto lake hujazwa maji ya chumvi yenye rangi, ili likitobolewa rangi ionekane mara moja. Shashi zinazozunguka eneo zibaki zimeloa. Zikikauka zinakuwa kuni. Bomba la sindano lenye maji ya chumvi liwe mkononi. Moto ukitokea, utaratibu ni leza izimwe, gesi zifungwe, mrija utoke, maji yamwagwe, yote ndani ya sekunde chache, na haiwezekani kama timu haijasemezana kabla nani atafanya lipi.

Moshi wa leza nitausema kwa ufupi: si mvuke wa kupuuza. Vinasaba vya virusi vya sunzua vimekutwa ndani yake. Mdomo wa kifaa cha kunyonya moshi ukae sentimita chache tu kutoka jeraha linapochomwa, na barakoa ya kawaida isichukuliwe kuwa mbadala wake.

Nje ya hospitali mambo ni huria zaidi. Leza zilezile, au mitambo ya mwanga mkali inayofanana nazo, zimejaa kwenye vyumba vya urembo kwa kuondoa nywele na michoro, mikononi mwa watu waliofundishwa kwa muda mfupi. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi, na rangi hiyo hunywa mwanga kabla haujafika kwenye mzizi wa nywele. Ukitumia urefu wa wimbi usiofaa unachoma ngozi na kuacha mabaka. Kwa ngozi kama hiyo, leza ya nanomita 1064 ni salama kuliko ya 755. Kwa hiyo muulize mhudumu mashine yake ni ya nanomita ngapi, na kama atajaribu kwanza kwenye eneo dogo na kusubiri. Asipojua namba, ameshajibu. Nywele za nyusi upande wa chini, karibu na kope, zisiguswe bila vikinga vya chuma vinavyowekwa juu ya jicho lenyewe, chini ya kope. Kuna watu walioumia mboni kwa sababu waliambiwa wafumbe tu. Kope ni nyembamba na mwanga huo unapita.